Pengo Kwenye Mstari wa Ngoma

Kazi ya Harlan Vesely ilikuwa kungoja. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye malango ya mto Mississippi, chini kidogo ya mji wa Marlow Ferry, akingoja matishari ya mahindi na makaa ya mawe yaingie, maji yapande au yashuke, lango la pili lifunguke, kisha angoje tena. Mtu wa pupa hadumu kwenye kazi ile. Maji hupanda kwa mwendo wake, hata ukiyatukana.

Jioni zake na Jumamosi zake hazikuwa zake. Zilikuwa za Walinzi wa Mto, kikosi cha ngoma na tarumbeta cha mji, vijana mia na ishirini wenye sare za kijani na kofia za manyoya meupe. Harlan ndiye aliyewafundisha wapiga ngoma. Yeye mwenyewe aliingia kikosini akiwa na miaka kumi na miwili, na angetoka kama wote wanavyotoka, akiwa na miaka ishirini na moja, maana hapo ndipo mwisho, hakuna rufaa. Lakini hakufika. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya kiangazi, wiki mbili kabla ya mashindano makuu, barua ya jeshi ilimfuata mpaka kwenye uwanja wa mazoezi, akapelekwa Korea.

Wenzake wa ngoma waliambiwa wasogeleane wazibe nafasi yake. Wakakataa. Walipiga msimu mzima wakiwa na pengo katikati ya mstari, upana wa mtu mmoja na ngoma yake, nao wakageuka pamoja nalo, wakarudi nyuma pamoja nalo, kana kwamba mtu yumo. Arlys, msichana aliyekuja kuwa mkewe, alimwandikia habari hiyo. Harlan aliisoma barua ile akiwa kwenye tope mpaka magotini, na hakuwahi kumweleza mtu ilimfanya nini. Alichosema ni kwamba alirudi.

Tangu hapo ikawa desturi ya Walinzi wa Mto: pengo halizibwi. Akitoka mtu katikati ya msimu, kwa ugonjwa au kwa barua ya serikali, nafasi yake hutembea na wenzake mpaka msimu uishe. Wakati wa vita vya Vietnam kulikuwa na kiangazi kimoja chenye mapengo matatu. Wawili kati ya wale watatu walirudi. Watu wa Marlow Ferry hawakupenda kulizungumza sana jambo lile, lakini kikosi kilipopita mitaani siku ya ukumbusho, wazee walivua kofia kwanza kwa bendera, kisha kwa pengo.

Mwaka wa sabini na tisa ngoma ya kati ilikuwa ya Corinne Tesmer. Ngoma ya kati ndiyo saa ya kikosi. Uwanja ni mkubwa na sauti ni vivu. Mpigaji aliye mbali akiifuata sauti anayoisikia, atakuwa amechelewa kabla hajaanza. Kwa hiyo mstari mzima wa ngoma hauwezi kuyaamini masikio yake. Hutazama mikono ya mtu mmoja, yule wa kati, na kupiga pamoja na mikono ile. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini Harlan aliwaambia kila siku, mvua na jua, mpaka ikawa kama salamu. Usisikilize. Tazama mikono.

Na mikono ya Corinne ilikuwa ya kutazamwa. Ilipanda mpaka kimo kimoja na kushuka mpaka kimo kimoja, haikujua hasira wala haraka. Alikuwa msichana wa kwanza kushika ngoma ya kati, na mwanzoni wavulana walimtania kwamba ameshika miko ya uji. Kufikia mwezi wa sita hakuna aliyetania. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Kiangazi kile kilikuwa chake cha mwisho.

Kushoto kwa kila mtu kuna jirani, na Corinne alikuwa kushoto kwa Gaylen Hruska, mtoto wa mfuga ng'ombe, kijana wa miaka kumi na minane mwenye sharubu chache alizozitunza kuliko mali. Gaylen alikuwa na mikono mizuri na hofu nyingi. Misimu miwili alipiga ngoma shingo imeelekea kushoto nusu, macho kwenye vijiti vya Corinne. Harlan alijivunia hilo. Alikuwa akiwaambia wageni: mtazameni yule, hajawahi kupotea hata pigo moja.

Onyesho la mwaka ule lilikuwa na ukimya ndani yake. Katikati, tarumbeta zikiwa zimefika kileleni, kila kitu kilikatika. Watu mia na ishirini walitembea hatua kumi na sita bila sauti, nyayo tu kwenye majani, safu ndefu zikipitana kama meno ya vitana viwili. Kisha ngoma ya kati, peke yake, ilipiga mapigo manne makavu, na kikosi chote kikalipuka. Katika miji yote waliyopita, Iowa, Illinois, Ohio, watu walisimama vitini kwenye mapigo yale manne. Walinzi wa Mto hawakuwahi kuingia kwenye vikosi kumi na viwili bora vya mashindano makuu, vinavyokwenda fainali. Mwaka ule, kwa hesabu za kila mtu aliyejua kuhesabu, walikuwa wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Harlan alikuwa amelingojea jambo hilo tangu arudi kutoka vitani, na sasa aliliona kama mtu aonavyo tishari linakuja kwenye mkunjo wa mto, taa kwanza, kisha pua.

Jumatano ya wiki ya mashindano, kwenye uwanja wa shule moja ya kusini walikolala sakafuni, Corinne alikuwa akitembea kinyumenyume na ngoma kiunoni, macho mbele kama alivyofundishwa, kisigino kikaingia kwenye shimo la bomba la kumwagilia majani. Wote walisikia mfupa ukivunjika. Hakulia. Alisema tu, "Nivueni ngoma," na Gaylen akamvua.

Daktari aliufunga mguu plasta mpaka gotini. Onyesho lilikuwa Ijumaa, saa saba mchana.

Merle Foss, mwalimu wa tarumbeta, alimvuta Harlan pembeni, nyuma ya lori la vyakula, akamwambia la kufanya lilikuwa wazi: Gaylen ahamie katikati, wengine wasogee, pengo lizibwe. Kijana akiwa katikati hatakuwa na wa kumtazama, atajijua kwamba yeye ndiye saa. Siku mbili zinatosha. Harlan alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pengo halizibwi.

"Harlan, ndugu yangu," Merle alisema, "hii si vita. Ni kifundo cha mguu."

Harlan alijibu kwamba Gaylen angepiga yale mapigo manne akiwa hapo hapo alipo, na mengine yangekwenda yenyewe, kwa kuwa mstari uliijua kazi yake. Merle alirusha mikono, akaenda zake. Arlys alikuwa ndani ya lori akikoroga nyama ya kusaga kwenye sufuria la watu mia, na alikuwa amesikia yote. Hakuwa mwanamke wa kumpinga mumewe mbele za watu, lakini alisukuma dirisha la lori.

"Pengo lako wewe lilikuwa la mtu aliyekuwa mbali," alimwambia. "Huyu atakuwa amesimama hapo hapo, anatazama."

"Ndiyo maana anastahili."

"Sikusema hastahili," Arlys alisema, akarudi kwenye sufuria.

Alhamisi nzima walifanya mazoezi na pengo. Corinne alikataa kulala. Aliletewa kiti cha chuma mbele ya mstari, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya mabua kichwani, akawa anawatazama. Ukimya ukaja, hatua kumi na sita, na Gaylen akapiga mapigo yake manne, sawasawa, makavu, kama mbao zilizopasuliwa na shoka. Walirudia mara ishirini na moja, na mara zote ishirini na moja hakukosea. Vijana walimpongeza kwa namna yao. Mmoja wa ngoma kubwa alimwambia sharubu zake sasa zimepata kazi ya kufanya. Gaylen alicheka, na hata Merle Foss aliinua kidole gumba kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kitu ambacho hakuna aliyekitambua, na Harlan alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, ni mikono ya Corinne. Ilikuwa juu ya plasta ya mguu wake. Ilikuwa ikipiga. Si kwa kukusudia. Mikono ile haikujua kukaa kimya mstari ukitembea. Na Gaylen, shingo imegeuka mbele badala ya kushoto, alikuwa akiitazama.

Ijumaa kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Vikosi vilikuwa vikiingia na kutoka uwanjani tangu asubuhi, kila kimoja kikiwa na dakika zake. Walimu hawaruhusiwi kuvuka kamba. Wanasimama nyuma yake, kwenye ukingo wa uwanja, pamoja na wapiga picha na wabeba maji, na kuanzia bastola ya kuanza mpaka bastola ya kumaliza hawana la kufanya. Majaji walikuwa wakitembea katikati ya vijana wakiwa na mbao za kuandikia, na kila kosa waliloliona waliliwekea alama ya penseli. Na sheria moja kila mwalimu aliijua kama jina lake: ishara yoyote kutoka nje ya kamba, sauti au mkono, kikosi kinaondolewa.

Corinne alisimama kando ya Harlan kwa magongo mawili. Alikuwa amevaa sare, suruali ikiwa imepasuliwa upande mmoja ili plasta ipite. Arlys ndiye aliyeipasua asubuhi ile, na kuikunja, na kuishona pindo lake kana kwamba ingevaliwa mwaka mwingine.

Bastola ikalia. Walinzi wa Mto wakaanza, na tangu hatua ya kwanza Harlan alijua hawajawahi kupiga vile. Tarumbeta zilikuwa ukuta. Mstari wa ngoma ulipita mbele yake na pengo lake katikati, safi, upana ule ule mpaka kwenye kona. Jaji mmoja mwenye miwani aliufuata mstari dakika nzima bila kuigusa penseli yake. Merle, upande wa pili wa Corinne, alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, kwamba tumeingia, jamani, tumeingia.

Tarumbeta zikafika kileleni. Zikakatika.

Ukimya. Nyayo kwenye majani. Harlan alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Safu zikaanza kupitana. Kwenye hesabu ya tisa aliona kidevu cha Gaylen kikigeuka kushoto, kwenye pengo. Hapakuwa na mikono. Kwenye ya kumi na moja kidevu kikageuka mbele, na chini ya ukingo wa kofia macho yakaanza kutembea kwenye watu waliojaa nyuma ya kamba, wapiga picha, wabeba maji, walimu wa vikosi kumi, yakimtafuta msichana mwenye kofia ya mabua kwenye kiti cha chuma. Hapo ndipo Harlan alipoelewa alichokuwa amekiona Alhamisi. Alielewa chote, kwa mara moja, na zilikuwa zimebaki hatua nne.

Corinne naye alikuwa ameelewa. Harlan alimsikia akivuta pumzi. Gongo lake la kulia liliinuka, na chini yake kulikuwa na ubao wa njia ya wapiga picha, mbao tupu. Mapigo manne pale yangesikika uwanja mzima. Harlan hakufikiri. Alimshika. Alimshika mikono yote miwili juu ya magongo, kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mtoto barabarani, na mikono ile ikapambana naye. Kwa misimu minane alikuwa ameifundisha isisimame.

Kumi na sita. Kumi na saba. Gaylen alikuwa ameinua vijiti. Vilikaa hewani.

Kikosi kiliendelea kutembea. Ni vijana waliofundishwa, miguu haikusimama. Msichana aliyekiongoza kutoka jukwaani aliendelea kupunga mikono yake, wakati huu akipunga hewa tupu. Ishirini. Ishirini na nne. Safu zilimaliza kupitana, zikafika mahali ambapo zilipaswa kuwa zimefika kwa kishindo, zikafika kimya. Vitini watu elfu kadhaa waliacha kujipepea. Mahali fulani mtoto alikohoa, na kikohozi kilisikika. Thelathini. Mikononi mwa Harlan mikono ya Corinne iliacha kupambana, ikalegea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwenye thelathini na mbili baragumu moja, mtu aliyeshindwa kuvumilia, ikaingia peke yake. Wengine wakaifuata, nusu yao. Nusu wakaendelea kungoja ngoma. Kwa hatua nane wimbo ulikuwa umechanika katikati kama shuka. Kisha ngoma kubwa zikaubamba, mstari ukaingia, Gaylen naye akaingia, na kikosi kikawa kitu kimoja tena.

Na watu walisimama. Hilo ndilo ambalo Harlan hakuweza kulisahau mpaka uzeeni. Jukwaa zima lilisimama na kupiga makofi, watu walikuwa wakilia. Walidhani ndivyo ilivyotungwa: ule ukimya mrefu kupita kiasi, lile pengo, vijiti vilivyoganda hewani, baragumu ile ya upweke. Mzee mmoja nyuma ya kamba alimshika Harlan bega akamwambia hajawahi kuona kitu kama kile tangu azaliwe. Harlan alimshukuru.

Lakini jaji mwenye miwani hakuwa mtazamaji. Penseli yake ilikuwa ikienda kama cherehani.

Walikuwa wa kumi na tatu.

Waliposomewa matokeo kwenye maegesho, wamekaa chini na mikate ya nyama mapajani, hakuna aliyemlaumu Gaylen kwa mdomo. Walimpa maji, wakampisha kivulini. Yeye alikuwa bado amesimama na ngoma yake, hakuivua. Harlan alimwendea akiwa na maneno tayari, ya kwamba kosa halikuwa lake, kwamba aliyekosea ni mtu mzima aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye kiti cha chuma. Kijana alimtangulia.

"Nilikuwa namngoja," alisema.

Harlan aliinamia ndoano ya mkanda, akamvua ngoma begani.

Corinne alimpata Harlan baadaye, kwenye ngazi ya basi. Alimwambia kwamba anajua sheria. Harlan alisema hakuwahi kudhani kwamba yeye haijui. Corinne alisema tena, akiitazama plasta yake, kwamba kama Harlan angemwachia wangeondolewa wote, na hilo analijua pia. "Lakini nilitaka uniachie," alisema. Alikuwa na viganja vyekundu. Baada ya hapo wakati wake kikosini ulikwisha, kwa umri, na akaenda kusomea uuguzi Madison, na kila Krismasi alituma kadi.

Majira ya kupukutika majani, watu walianza kupiga simu. Kikosi cha Ohio kiliuliza nani aliyeutunga ukimya ule. Jarida moja dogo la mambo ya vikosi liliandika kwamba Walinzi wa Mto, ingawa hawakufika fainali, waliacha dakika ambayo msimu ule utakumbukwa kwayo. Mzee mmoja alisimamisha gari juu ya malango akamwomba Harlan amsimulie, na Harlan, maji yakiwa yamepanda nusu chini ya tishari, alisema ilikuwa kazi ya vijana.

Mazoezi ya majira ya baridi yalipoanza mwezi wa kumi na moja, kwenye ukumbi wa maveterani, Gaylen hakuja. Wala Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu Harlan alichukua lile jarida, akaendesha gari maili kumi na nne mpaka shamba la akina Hruska, akamkuta kijana zizini saa ya kukamua. Sharubu alikuwa amezinyoa.

Mama yake Gaylen aliyempokea mlangoni alikuwa amemwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hali chakula vizuri, na vile vibao vya mpira vya kufanyia mazoezi ya ngoma amevitia kwenye jiko la kuni. Basi Harlan hakuanzia kwenye ngoma. Aliuliza habari za ng'ombe, za bei ya maziwa, za baba. Gaylen alijibu yote kwa adabu, huku akisogea kutoka kiwele hadi kiwele. Mwishowe Harlan alifungua jarida, akasoma ile aya kwa sauti, akisimama kati ya ng'ombe wawili kama mtu anayesoma kanisani.

Gaylen alimaliza ng'ombe aliyekuwa naye.

"Nilisikia makofi," alisema. "Nikajua wananicheka."

"Hawakukucheka, mwanangu. Walikuwa wanalia. Nimekuja kukuambia hivyo."

"Walikuwa wanalilia nini, Mwalimu?"

Harlan alifikiri. Aliifikiria kweli, maana kijana alikuwa ameuliza kweli, na alimtazama usoni sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, kwa macho yale yale yaliyozoea kutafuta jibu kwenye mikono ya mtu mwingine. Angeweza kusema walililia pengo. Angeweza kusema walililia uzuri. Yote mawili yangekuwa kweli kwao, na hakuna hata moja lingemfaa mtu aliyesimama pale katikati na vijiti hewani, akingoja aliyefundishwa kumngoja.

"Sijui," alisema.

Gaylen aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetarajia hivyo. Alisema Mwalimu amefanya vema kuja, na njia ya kurudi itakuwa na barafu, awe mwangalifu kwenye daraja. Kisha akamsogelea ng'ombe aliyefuata, akakalia kigoda chake, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama.

Karibu na mlango kulikuwa na ndoo iliyojaa maziwa. Harlan, asiyeweza kuondoka mikono mitupu, aliinyanyua ili asaidie. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alisimama nayo pale kwa muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni, akitazama kulia na kushoto kwa kuwa hakujua inapelekwa wapi, na hakuwa na ujasiri wa kumuuliza kijana.